Jiwe Jekundu la Himbi

Mama yangu, Dancille Mukakalisa, alikuwa ameingia Goma mara mbili akiwa na godoro kichwani, na kila mara macho yake yalikuwa kwenye visigino vya mtu aliyemtangulia. Kwa hiyo ungemuuliza Goma ikoje, angekujibu kwamba ni mji wa vumbi jeusi na watu wasiosalimiana. Hakuwa anasema uongo. Ndivyo alivyoiona.

Tangu mwaka 2012 tulikuwa tunaishi Mugunga, kwenye barabara ya Sake, nusu saa tu kwa pikipiki mpaka katikati ya mji. Katika miaka saba mama hakuwahi kwenda huko bila kitu cha kuuza au cha kununua. Kule Kiwanja, mji tuliotoka, alikuwa na meza yake ya maharagwe sokoni na watu walimjua kwa ulimi wake kabla ya kumjua kwa sura. Mugunga akawa anapika uji wa mtama kando ya barabara, na ulimi ni uleule. Papa, yaani baba yangu Josias Ntirenganya, ni mwashi. Yeye ana maneno machache mpaka wageni hudhani Kiswahili hakijui.

Mimi ni Charline, mtoto wao wa kwanza, na safari ninayoisimulia niliitaka mimi. Mwaka 2019 nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimepata kazi katika ofisi moja mtaani Himbi, upande wa ziwa: kufagia, kupiga deki, kupika chai. Kila wiki nilikuwa nawaona wageni wanashuka kwenye magari, wengine kutoka Ulaya, wengine kutoka Kinshasa, wanazungushwa mjini, wanarudi jioni wanaonyeshana picha kwenye simu. Wanaishangaa Goma yetu, na sisi wenyewe hatujaiona! Jambo hilo liliniudhi sana. Nikaamua kwamba Jumapili moja wazazi wangu nao watazungushwa.

"Tunaenda kumuona nani?" mama akauliza.

"Hatuendi kumuona mutu, mama. Tunaenda kuona mji."

"Kwani mji iko mugonjwa, tuende kuisalimia?"

Lakini alikubali, kwa sababu papa alisema hapana. Hiyo pekee ingetosha kunishtua, maana papa huwa hasemi hapana. Huwa hasemi kitu.

Lazima niseme habari ya mdogo wangu hapa, maana bila yeye huwezi kumwelewa mama. Mwishoni mwa mwaka 2008 vita vilitufukuza Kiwanja. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na ndiye niliyembeba mgongoni Umurerwa, aliyekuwa na miaka mitatu. Tulifika kambi ya Mugunga sote wazima. Wiki tatu baadaye, mwezi wa Desemba, kipindupindu kikamchukua kwa siku moja na nusu.

Ardhi ya kule ni mawe matupu ya volkano. Ukipiga jembe, linakurudishia cheche. Watu walikuwa wanatafuta shimo dogo kati ya mawe, wanamlaza mtu wao, wanamfunika kwa mawe mengine, basi. Nasi tukafanya hivyo. Jiwe la kichwani mama alilitafuta mwenyewe, kambi nzima, akalipata moja jekundu, kubwa kama kigoda, mahali ambapo mawe yote ni meusi. Papa akalichonga msalaba kwa patasi aliyokimbia nayo akaacha sufuria. Mkono wa kushoto wa msalaba ukamegeka. Mama akamgombeza palepale, mbele ya katekista, kwamba hata msalaba wa mtoto wake umemshinda. Papa akachonga herufi U chini yake, akafuta vumbi kwa kiganja.

Mwaka uliofuata kambi ikafungwa. Mama na mimi tukarudi Kiwanja. Papa akabaki Goma kwa sababu huko walikuwa wanajenga kila kona. Halafu 2012 vita vikatufukuza tena. Tulipofika Mugunga, kabla ya kutafuta hata hema, mama alisema neno moja: "Nipeleke kwa mutoto." Papa akasema tungoje, njiani kuna askari. Siku ya tatu akatupeleka. Tukakuta rundo la mawe, lakini jiwe jekundu halikuwepo. Papa alieleza kwamba watu wa malori walikuwa wanazoa mawe ya kuuza kwa wajenzi, nalo wamelibeba. "Lakini mutoto iko," akasema.

Toka siku hiyo mama alikataa kurudi Kiwanja. Jirani zetu walirudi, mmoja baada ya mwingine. Nyumba yetu ilikuwa bado imesimama, shamba lipo, shangazi yangu anapiga simu kila mwezi kutuita. "Nilimuacha mara moja," mama alikuwa anasema. "Sitamuacha mara mbili." Kila Desemba alikuwa anakwenda kwenye lile rundo na dumu la maji na ufagio, anang'oa majani yaliyoota kati ya mawe, anayaosha moja moja, huku akimsimulia mtoto habari za mwaka mzima: nani ameoa, nani amekufa, mimi nimefaulu au nimeanguka mtihani. Hamu yake yote hapa duniani ilikuwa hiyo tu, kwamba mahali alipolala yule mtoto pasipotee.

Sasa turudi kwenye Jumapili yetu. Baada ya misa ya kwanza tulipanda pikipiki mbili. Mama alivaa kikwembe chake cha sikukuu, na mkononi kikapu chenye viazi vya kuchemsha na chupa ya chai. Nikamwambia mahali tunapokwenda hawataki chakula cha nyumbani. Akaniuliza kama nimewahi kuona chakula kikifukuzwa mahali.

Tulianza na mzunguko wa Chukudu, penye sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, ule usafiri wetu wa mbao wenye magurudumu mawili. Mama aliizunguka mara mbili, mdomo wazi. Nikadhani anafurahia uzuri.

"Freni yake iko wapi?" akauliza kwa sauti, akimaanisha breki.

"Mama, ni sanamu."

"Naona ni sanamu. Ila hawa wa Kibumba wanashukaga mulima na kipande ya mupira ya gari ya kukanyaga. Huyu anashuka na nini? Atakufa huyu!"

Vijana wa pikipiki walicheka mpaka mmoja akashika usukani asianguke. Papa yeye alikuwa ameinama, anagonga msingi wa sanamu kwa vidole, anasikiliza. Kwake mji wote ni kuta.

Kutoka hapo tukaenda kwenye mabaki ya kanisa kuu la zamani, lililozikwa na lava ya mwaka 2002. Hapo mama alishtuka kwelikweli. Alikuwa amesikia habari ya volkano kama watu wote, lakini hakuwa ameelewa kwamba moto ule uliingia ndani ya nyumba ya Mungu ukapoa humohumo.

"Iliingia kanisani?" akaniuliza mara tatu. "Na watu waliiachilia?"

"Ungeizuia na nini?" papa akamuuliza.

Akapiga ishara ya msalaba. Akasema kama hata Mungu alihamishwa kwenye nyumba yake hapa Goma, basi sisi tusilalamike sana. Nilimwambia asiseme hivyo mahali pa watu, naye akaniambia Mungu mwenyewe anajua kwamba ni kweli.

Halafu ziwa. Sijui niseme nini juu ya mama na ziwa. Miaka yote yeye alikuwa ameliona Kivu kupitia mdomo wa dumu: unafika, unachota, unaweka dawa, unaondoka. Siku hiyo tulisimama mahali watu wanapoogelea na akaliona lote, mpaka milima ya upande wa pili. Kisha akawaona waogeleaji.

"Wanaoga wababa na wamama pamoja," akaninong'oneza, ameshtuka. "Na hakuna hata mumoja iko na sabuni."

"Wanacheza, mama."

"Watu wakubwa?"

Alicheka mpaka machozi. Akavua viatu, akaingiza miguu, akanimwagia maji. Nilikuwa sijamwona mama yangu akicheza tangu Kiwanja, na niliona haya kwa furaha, nikageuza uso wangu pembeni asione. Nilijisifu moyoni. Nilijiona mtoto bora wa Kivu nzima.

Ilikuwa yapata saa saba mchana nilipotangaza kwamba sasa tunakwenda kunywa Fanta hotelini kama watalii. Nilikuwa nimechagua hoteli moja ya Himbi yenye bustani mpaka majini, kwa sababu mwenzangu wa kazini alipiga picha za harusi yake pale. Nilipotaja mahali, papa alisimama katikati ya barabara.

"Goti iko naniuma," akasema.

"Tutapanda pikipiki."

"Twende ile ingine, karibu na soko."

"Papa, ile ingine haina ziwa."

"Turudi basi nyumbani. Mama yako amechoka."

Mama alikuwa hajachoka hata kidogo, na alimwambia hivyo. Nami nikakasirika. Nilimwambia papa, mbele ya dereva wa pikipiki, kwamba asiniharibie siku yangu. Neno hilo mpaka leo nikilikumbuka nasikia aibu. Papa alipanda pikipiki.

Bustani ile ilimchanganya mama. "Wanapanda majani hivi yote, na hakuna ng'ombe?" Alitembea juu ya nyasi kwa uangalifu, akiomba samahani kwa watu waliokaa mezani. Mwisho wa bustani kuna ukuta mfupi wa mawe meusi unaozuia maji ya ziwa, unafika kiunoni, na wageni hupenda kukaa juu yake. Papa alikuwa amebaki nyuma, kwenye meza iliyo karibu na lango, ametupa mgongo. Nilimwacha anune. Mimi nikaenda kutafuta mhudumu. Mama akawa anatembea kandokando ya ukuta, anaupapasa, anasifu kazi.

Niliporudi na mhudumu nilimkuta ameinama. Mhudumu, kijana mmoja aitwaye Carlos mwenye sauti nzuri ya kupokea wageni, akaona nafasi yake.

"Mama umeiona!" akasema. "Hiyo ni jiwe ya zamani kabisa. Mapadri wa kwanza ndio waliichonga, mbele hata mji haijajengwa. Wageni wote wanaipigaga photo."

Mama hakujibu. Naomba mnielewe: mama yangu huwa hanyamazi. Hata usingizini anagombana na mtu. Alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi na kidole chake kinapita polepole mahali fulani kwenye jiwe, kinarudi, kinapita tena.

"Charline," akasema hatimaye, na sauti haikuwa yake. "Hii iko jiwe ya Umurerwa."

Niliinama. Katikati ya mawe meusi kulikuwa na moja jekundu, limejengewa kwenye ukuta, uso wake nje. Lilikuwa na msalaba. Mkono wa kushoto wa msalaba ulikuwa umemegeka. Chini yake, U. Nilikuwa na miaka kumi nilipokiona kile kipande kikiruka kutoka kwenye patasi. Kilinigonga kwenye shavu.

Mama alisimama, na hapo sauti yake ikamrudia yote.

"Mapadri gani?" akamgeukia Carlos. "Nakuuliza weye, mapadri gani? Hii musalaba ni bwana yangu alichonga, na akaiharibu huku kwa mukono ya kushoto, muende mumuulize, ni ule amekaa pale! Mulimwiba mutoto wangu jiwe yake ya kichwa, na muko munaipiga photo!"

Watu waliweka chini uma zao. Mzungu mmoja aliyekuwa ameinua simu aliishusha. Carlos alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango. Nilijua kinachofuata: walinzi, kusukumwa, kikapu cha viazi kumwagika. Nilikuwa tayari nimemshika mama mkono.

Badala ya walinzi akaja mwanamke wa makamo, amevaa suti, rozari imezungushwa kwenye mkono. Carlos akamwita Madame Wivine. Ndiye meneja, mtu wa Butembo. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, na mwisho wa mama haufiki upesi. Kisha akainama na suti yake, akaligusa jiwe, akauliza mtoto alikufa mwaka gani, wapi, na kwa ugonjwa gani. Mama akajibu yote.

"Mama," Madame Wivine akasema, "mimi nilikuta hii ukuta hapa, sikujua. Lakini siwezi kukaa na jiwe ya kaburi ya mutoto wa mutu kwa bustani yangu. Iko fundi anatengeneza ngazi kule nyuma. Ataitosha kwa ukuta sasa hivi, na gari ya hoteli itawapeleka nayo mpaka Mugunga."

Nilibaki nimeduwaa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba, kulia, labda kutukanwa, na huyu meneja anatukabidhi jiwe na gari juu yake. Mama alilia. Akambariki Madame Wivine, yeye na watoto wake na watoto wa watoto wake. "Leo atalala na jiwe yake," alikuwa anarudia. "Leo atalala na jiwe yake." Alikuwa ameshaanza kunieleza tutaliweka vipi juu ya lile rundo, na kwamba safari hii tutaliziba na saruji.

Fundi akaja na nyundo na mtaimbo. Akapiga magoti, akatafuta nafasi kati ya jiwe jekundu na jeusi lililo juu yake, akaingiza ncha ya chuma. Akapiga mara moja. Kipande cha saruji kikaruka.

"Acha!"

Sikumtambua aliyepiga kelele. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kusikia papa akipaza sauti. Alikuwa anakuja mbio kupitia meza za watu, amesahau goti lake, akaangusha kiti, akamsukuma fundi kando kwa bega. "Musiitoshe! Musiguse!" Akajibanza kati ya fundi na ukuta. Halafu akajivuta akaketi juu ya ukuta, pembeni kidogo ya jiwe, ameshika ukingo kwa mikono yote miwili.

"Papa Charline, uko na wazimu?" mama akasema. "Ni jiwe yetu."

"Najua."

"Unajua? Ulijua iko hapa?"

"Mimi ndiye niliiweka."

Mama alimtazama tu. Na papa akasema, akiangalia mikono yake, maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kinywani mwake.

"Mulikuwa Kiwanja. Kambi ilifungwa, mwenye shamba akauzisha mawe. Sisi tulikuwa tunajenga hapa. Lori ikaja kumwanga mawe, nikaona hii nyekundu katikati. Niliacha nyundo, nikakimbia na miguu mpaka Mugunga. Nikakuta wamemaliza kuzoa. Alikuwa wazi, Mama Charline. Jua ilikuwa inamupiga. Mbwa walikuwa wanatembea karibu pale."

Mama akaweka kiganja mdomoni.

"Nilimukusanya yote, mufupa kwa mufupa. Nikaenda kwa makaburi ya mji, wakaniomba karatasi. Alizaliwa wapi, alifia wapi, nani aliandika. Nani aliandika? Hakuna mutu aliandika. Kumurudisha Mugunga, wangemutosha tena. Hapa fondasio ya hii ukuta ilikuwa bado wazi. Nilimulaza ndani, nikamumwangia simenti, nikafunga na jiwe yake. Watu wanabomoaga kambi. Hoteli ya tajiri hawabomoagi. Nilisema, huyu mutoto amekimbia ya kutosha."

Hakuna aliyesogea. Fundi alikuwa ameweka mtaimbo chini taratibu, asiufanye utoe sauti. Madame Wivine alikuwa anazivuta shanga za rozari bila kujua.

"Na kule Mugunga?" mama akauliza. "Pale ninaosha mawe, iko nani?"

"Hakuna mutu."

"Hakuna mutu."

"Uliniambia nikupeleke kwa mutoto. Nilikusanya mawe siku mbili."

Miaka saba. Niliihesabu mwaka kwa mwaka, nimesimama palepale. Madumu ya maji, ufagio, habari za ndoa na mitihani, vyote mbele ya mawe yasiyokuwa na mtu. Na Kiwanja! Nyumba inatungoja, shangazi anapiga simu, na sisi tunakaa kwenye vumbi la barabara ya Sake kulinda rundo ambalo papa alilipanga kwa mikono yake. Nikamwambia, "Papa, tungerudi nyumbani! Tungekuwa tumerudi zamani!"

"Ningemuambia namna gani?" Sasa alikuwa ananitazama mimi. "Angekuja kuvunja hii ukuta na meno."

Nilimjua mama, angefanya hivyo kweli. "Kila kazi ya Himbi waliniita," akaongeza, "nilikubali. Ni juu nipate kupita hapa."

Mama akamsogelea. Nilijua atampiga, na kwa kweli alimpiga, kiganja wazi, kifuani, mara mbili, bila nguvu. Papa hakujikinga. Mama alibaki amesimama mbele yake, kikwembe cha sikukuu kimechafuka kwa majani magotini. Nyuma yake ziwa lilikuwa linang'aa na watu fulani walikuwa wanapiga kelele za furaha majini. Nilitamani wanyamaze.

"Ulimufunika nini?" mama akauliza.

"Koti yangu."

"Ya kazi?"

"Ya ndoa."

"Uliniambia waliiiba."

"Ndiyo."

Madame Wivine akamuuliza kwa upole kama fundi aende, na mama akaitikia kwa kichwa tu, bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta. Fundi akachukua vifaa vyake akaondoka. Carlos naye alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye mti, analia waziwazi.

"Kichwa iko upande gani?" mama akauliza.

"Hapa," papa akasema, akaonyesha kwa kidevu. "Nyuma ya jiwe. Miguu inakuja huku."

Mama akaanza kupima kwa macho, kutoka kwenye jiwe jekundu, polepole, kama alivyokuwa akitupima usiku kitandani kuona kama blanketi litatufikia sote. Urefu wa mtoto wa miaka mitatu si mkubwa. Macho yake yalipita mawe mawili, matatu, yakafika mahali papa alipokuwa amekaa, yakasimama hapo.

"Basi ondoka," akamwambia. "Umemukalia miguu."

Papa akashuka ukutani.